Koti la Baridi Katika Nchi ya Joto



Liko swali ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona dogo, hata la kuchekesha. Je, ni haki kumfuga nyumbani, kwa furaha yetu tu, mnyama aliyezalishwa kwa kazi nyingine na kwa nchi nyingine? Najua wako watakaosema, "Watu wanatafuta karo na dawa, naye mwalimu anatuandikia habari za mbwa!" Mimi nami zamani ningesema hivyo hivyo. Lakini swali hili liliingia uani kwangu kwa miguu minne, nikawa sina budi kulijibu.

Nyumba yetu iko Makurunge, si mbali na barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Mwaka 2021 watu waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam walimaliza mkataba wao wakawa wanarudi Ulaya, nao walitafuta mtu wa kumwachia mbwa wao. Alikuwa wa aina iitwayo Old English Sheepdog, yaani mbwa wa kuswagia kondoo na ng'ombe huko Uingereza. Manyoya yake yalikuwa ya kijivu na meupe, marefu, mazito, yakimfunika mpaka macho. Wanangu walipomwona tu, shauri lilikwisha. Walimwita Sufu. Mama watoto aliniuliza neno moja, "Huyu mwalimu, atakula nini?" Sikumjibu. Nilikuwa nikimtazama mbwa, nami nilikuwa nimekwisha kumpenda.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Watoto wa jirani walikuja kumtazama kama watu wanavyokwenda kutazama gari jipya. Wageni walipiga naye picha. Nami nilijiona mtu mwenye kitu. Ndugu msomaji, naomba ulikumbuke neno hilo, kwa maana nitalirudia.

Ikafika Februari. Wenyeji wa pwani hii wanajua joto la Februari kabla masika hayajaanza: hata kuku hupanua mbawa chini ya mwembe. Mchana mmoja Sufu alianguka karibu na kisima. Alihema kwa nguvu, ulimi umetoka na kugeuka rangi, miguu haina nguvu. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya kisimani, watoto wakampepea kwa vipande vya boksi. Bwana mifugo alipofika alimkuta ameanza kuinua kichwa. Alisema kwamba yale maji ndiyo yaliyomwokoa.

Kisha alituketisha akatufundisha. Mbwa, alisema, hatoi jasho mwili mzima kama mtu. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema: maji ya kinywani na ya ulimi yanapokauka, huondoka na joto. Sasa hewa ya pwani imejaa unyevu, na katika unyevu maji hayakauki upesi. Joto la mwili wa mbwa mzima ni kama digrii 38 hadi 39. Likipita 41 yu hatarini. Na huyu, juu ya hayo, amevaa tabaka mbili za manyoya, ya chini laini na mazito, ya juu marefu, aliyopewa kwa ajili ya mvua na ubaridi. Akamaliza kwa kuniuliza, "Mwalimu, wewe ungevaa koti la sufu saa nane mchana, ukalifunga vifungo vyote?"

Siku chache baadaye alipita mzee mmoja wa Kibarabaig niliyezoeana naye tangu miaka mingi. Hapa kwetu wafugaji hawa si wageni. Nchi hii imekuwa na habari ndefu ya mifugo: katika miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilianzisha hapa ranchi ya RAZABA ili kuwapatia nyama watu wa Visiwani, ikafungwa katika miaka ya 1990, na huko kaskazini ranchi ya Mkwaja ilihangaika na mbung'o karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na nchi yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akamtazama Sufu kwa kitambo kirefu. Akasema, "Huyu ni mbwa wa kazi. Angalia kifua chake. Lakini umemvika koti la mlima Hanang', nawe umemweka Pwani." Nikamwambia kwa kicheko, "Basi mchukue wewe, mzee, akachunge ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Mbung'o atammaliza kabla ya masika kwisha. Na kupe watamjaa tusiwaone. Mbwa wangu ni mwembamba, nywele fupi, kupe namwona kwa jicho. Tena mbwa wangu hachungi. Anayechunga ni kijana mwenye fimbo. Mbwa kazi yake ni kunusa fisi na kubweka."

Usiku ule sikulala vizuri. Bwana mifugo na mzee wa mifugo, mmoja amesoma chuoni na mwingine porini, walikuwa wameniambia neno lile lile: ya kwamba nilikuwa nimempenda mnyama nisiyemjua.

Hapa ndipo swali letu lilipo. Wengi wetu twadhani kwamba upendo ukiwapo, mengine yote yatafuata. Twasema, "Mimi nampenda mbwa wangu, basi simtesi." Lakini Sufu alianguka kisimani katika nyumba iliyojaa watu wanaompenda. Upendo haukumzuia kuanguka. Kilichokosekana ni kumjua.

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 12, mstari wa 10, tunafundishwa jinsi mtu mwenye haki anavyokaa na mnyama wake. Wengi tumezoea kuusikia mstari huo kama neno la huruma tu. Lakini katika Kiebrania kitenzi kilichotumika pale ni kile cha kujua. Mwenye haki ni yule anayeijua nafsi ya mnyama wake: anachohitaji, anachoogopa, anachoweza na asichoweza. Huruma isiyojua yaweza kuua. Mtu aweza kumlisha mgonjwa wa kisukari keki kwa sababu anampenda.

Tukitaka kumjua mbwa wa namna hii, hatuna budi kuuliza alitoka wapi. Mungu aliumba mbwa. Lakini manyoya haya marefu kiasi hiki na tabia hizi ni kazi ya watu pia, waliochagua dume na jike, kizazi hata kizazi, wapate msaidizi wa kuswaga wanyama mwendo mrefu hadi sokoni katika nchi ya mvua. Reli zilipokuja kuchukua mifugo, kazi ile ilipungua. Mwaka 1888 wapenzi wake walikwisha kuunda chama cha aina hii huko Uingereza, naye akaanza kwenda kwenye maonyesho badala ya kwenda sokoni. Halafu mwaka 1961 kampuni ya rangi za nyumba, Dulux, ilianza kumtumia katika matangazo yake. Watu wakamwona kwenye picha, wakamtaka. Mbwa aliyekuwa akitembea barabarani siku nzima sasa akawekwa sebuleni ili apendeze karibu na ukuta uliopakwa rangi.

Lakini kazi haikumtoka damuni. Hili tuliliona wenyewe. Watoto walipocheza uani Sufu aliwazunguka, akawasukuma kwa bega, akawakusanya pamoja kama kondoo. Mtoto aliyetoka kwenye kundi alimfuata na kumrudisha, pengine kwa kumgusa kisigino na meno. Sisi tulicheka. Lakini jioni moja mtoto wa jirani, binti wa miaka saba, alipita akienda chuoni kusoma Kurani, naye Sufu akaona ni kondoo aliyepotea. Akamzingira. Hakumwuma, lakini mtoto alipiga kelele kwa hofu, na nguo yake ikaloa mate.

Jirani yetu, baba wa yule mtoto, alikuja baada ya magharibi. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Yeye alisema kwa upole, "Mwalimu, sisi hatumchukii mbwa wako. Mbwa wa mifugo, mbwa wa mawindo, mbwa wa kulinda, dini yetu inawajua. Lakini mate yake kwetu ni najisi. Nguo ile imebidi kuoshwa mara saba, na mara moja kwa udongo. Hilo si kitu, maji yapo. Lakini mtoto sasa anaogopa njia ya chuoni." Nikaona haya. Wahenga walisema, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini; mimi mbwa wangu hata hakunifuata, alitangulia. Nilimwomba jirani radhi, na wiki ile ile nikajenga uzio.

Basi twaona kwamba swali la mbwa si la mtu na mbwa wake tu. Lina pande nne, nami naomba tuziangalie moja moja.

Kwanza ni mnyama mwenyewe. Huko Uingereza mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo lilitaja mambo matano ambayo mnyama aliye mikononi mwa mtu anastahili: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtaabisha, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, apate nafasi ya kufanya yaliyo ya asili yake, wala asiishi katika hofu. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mimi nilipojipima kwa mambo hayo matano, niliona Sufu alikuwa akishiba, lakini katika lile la pili na la nne nilikuwa nimeshindwa. Mbwa wa kazi akifungwa mnyororo mchana kutwa, hata kama anakula nyama kila siku, amenyimwa nusu ya maisha yake.

Pili ni jirani. Nimekwisha kusema habari ya mtoto. Lakini liko na jambo la kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Chanjo kwa mtu aliyeumwa imekuwako tangu Louis Pasteur alipomtibu kijana Joseph Meister mwaka 1885. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja dalili, kwa maana dalili zikionekana hakuna dawa. Mbwa naye achanjwe akifika miezi mitatu, na arudiwe kama bwana mifugo anavyoelekeza. Mtu anayefuga mbwa asiyechanjwa, hata awe mzuri namna gani, hampendi jirani yake kama nafsi yake.

Tatu ni maskini. Hili ndilo lililonichoma zaidi, na ndilo alilouliza mama watoto siku ya kwanza. Mbwa huyu ana kilo zaidi ya 30. Je, chakula chake si chakula cha mtu fulani? Bwana wetu mwenyewe, alipozungumza na yule mwanamke Mkanaani, alitaja mkate wa watoto na mbwa wa nyumbani. Na mwanamke akajibu kwa habari ya makombo yaangukayo mezani. Mimi naona mpango uliomo katika mazungumzo yale: watoto kwanza, lakini mbwa naye yumo nyumbani, naye ana fungu lake. Ikiwa kwangu mbwa anakula nyama na mtoto wa jirani analala njaa, nimegeuza meza juu chini. Tangu hapo Sufu hula ugali wa dona, dagaa na mabaki ya samaki. Na gharama ya nyama niliyokuwa nikimnunulia, mama watoto ameipangia kazi nyingine ambayo si lazima niitaje hapa.

Nne ni mfugaji mwenyewe na moyo wake. Nilisema hapo juu kwamba nilijiona mtu mwenye kitu. Sasa nakiri: nilimpenda Sufu kwa sababu alinipendeza, na kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye mbwa kama wangu. Nilipenda manyoya. Na manyoya ndiyo yaliyokuwa yakimuua.

Huenda msomaji akauliza, "Basi ni dhambi kumfuga mnyama kwa furaha, bila kazi?" Mimi sisemi hivyo. Nabii Nathani, alipotaka kumwonyesha Mfalme Daudi kosa lake, alimpa mfano wa maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akamlea pamoja na watoto wake, akila na kunywa pamoja naye, akalala kifuani pake kama binti. Mnyama wa zizini amefanywa mwana wa nyumbani, wala nabii hakumlaumu yule maskini. Ubaya ulikuwa kwa tajiri, aliyeuona mwana-kondoo huyo kuwa ni kitoweo tu. Na katika kitabu cha Tobiti yumo mbwa anayefuatana na kijana safarini. Hatusomi kwamba alifanya kazi yo yote, alikwenda naye tu. Furaha ya kukaa na kiumbe cha Mungu si kosa. Kosa ni furaha inayolipwa na mwingine, naye hana mdomo wa kukataa.

Wengine husema kwamba kujali wanyama ni mambo ya watu walioshiba, wasiojali wanadamu. Historia yaonyesha vingine. Mwaka 1824 kasisi mmoja wa Kianglikana, Arthur Broome, aliita mkutano London, kikazaliwa chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Broome alijitoa hata akafungwa kwa ajili ya madeni ya chama hicho. Na kati ya waliokuwa pamoja naye alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyepigana miaka mingi na biashara ya watumwa. Sisi wa Bagamoyo, ambao mji wetu uliona misafara ikishuka pwani, hatuwezi kulisoma jina hilo bila kutulia kidogo. Sisemi kwamba mtu ni sawa na mbwa; hasha! Nasema kwamba Wilberforce hakuona haja ya kugawa huruma yake kama posho, kwamba akimpa mmoja itampungukia mwingine.

Sasa tulifanya nini? Mashauri yalikuwa matatu. La kwanza, kumpa mtu mwingine. Lakini nani? Kumpa mfugaji ni kumpeleka kwa mbung'o. Kumwacha njiani ni ukatili, tena ni kuwaletea watu hatari. La pili, bwana mifugo alisema yawezekana kumlaza usingizi asiteseke. Nililifikiri sana hilo. Lakini mateso yenyewe hayakuwa ugonjwa wake; yalikuwa ujinga wetu, na dawa ya ujinga wetu si kumwua yeye. Likabaki la tatu: kumtunza kama alivyo, mahali alipo, nasi tulipe gharama.

Jumamosi moja tulichukua mkasi, watoto na mimi, tukaanza kumpunguza manyoya. Hatukuyanyoa mpaka ngozi, kwa maana ngozi tupu ingechomwa na jua. Tuliacha kama urefu wa kidole gumba. Kazi ilichukua mchana kutwa. Tulitoa kupe wasiohesabika, waliokuwa wamejificha tusijue. Manyoya yalijaa gunia zima, na shomoro wakaja kuyachukua kwa viota vyao. Mwisho tulimkata yale ya usoni. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, tukayaona macho yake. Mwanangu mdogo alinyamaza, kisha akasema, "Baba, kumbe alikuwa anatutazama siku zote."

Sasa Sufu si mbwa wa kupigiwa picha. Wageni husema, "Mbona mmemwharibu?" Hulala chini ya mwembe tangu saa nne mpaka saa kumi, karibu na karai la maji. Alfajiri, na jioni jua likipungua, huwatoa mbuzi wetu sita na kuwarudisha, pamoja na mwanangu. Kazi ndogo, lakini anaifanya kama mtu aliyekabidhiwa kundi zima la Razaba. Kila Jumamosi tunamkagua kupe. Binti wa jirani hupita njia ya chuoni bila kukimbia, kwa sababu uzio upo. Na Februari ikifika, sisi sote nyumbani twamwangalia yeye kwanza.

Nikiulizwa leo, "Je, nitafute mbwa wa namna hiyo?" nitajibu, la. Waache waliko, katika mvua yao na ubaridi wao. Ukitaka mbwa wa kulinda na kucheza na watoto hapa pwani, mbwa wetu wa kienyeji, mwenye nywele fupi, anatosha kabisa. Umchanje, umlishe, usimpige mawe, wala usimwite shenzi. Lakini ukiniuliza, "Na yule aliyekwisha kufika mlangoni?" nitajibu kwamba huyo ni wajibu wako. Hakuomba kuja. Usimhesabie kosa koti alilovikwa na wengine.

Na neno hili si la mbwa tu. Wako wangapi katika nyumba zetu tunaowapenda bila kuwajua? Mtoto aliyepelekwa shule tuliyoitaka sisi. Mama mzee aliyeletwa mjini kwa upendo, akakaa ndani siku nzima bila jembe wala jirani. Msichana wa kazi tunayesema ni kama mwanetu, nasi hatujui siku yake ya kuzaliwa. Twasema twawapenda, nao wanahema. Yafaa tuondoe manyoya usoni tukaone macho.

Mungu, ambaye hata shomoro mmoja hasahauliki mbele zake, atujalie kuwajua wale aliowaweka mikononi mwetu, wakubwa kwa wadogo. Amina.